Kujenga Redio ya Misimbo Mezani kwa Saketi Jumuishi Chache

Katika mfumo wa mawimbi yaliyotandazwa, watumiaji wengi hukaa kwenye bendi moja kwa wakati mmoja, na kila mmoja hutambuliwa kwa msimbo wake. Kutuma ni kazi nyepesi. Kinachosumbua ni mpokeaji kuoanisha msimbo wake na ule unaomfikia.

Tumia volti 5, rejista ya kusukuma 74HC164 (husogeza biti hatua moja kwa kila pigo la saa) na mageti ya XOR ya 74HC86 (hutoa 1 pale tu viingizo viwili vinapotofautiana). Ingiza matokeo ya hatua ya 6 na ya 7 katika geti moja, geuza jibu kwa geti la pili lenye mguu mmoja uliofungwa kwenye volti 5, kisha ulirudishe mwanzoni mwa rejista. Usipoligeuza, rejista iliyofutwa itabaki na sifuri tupu daima. Msimbo utajirudia kila baada ya vipande 127, yaani biti 127 za msimbo. Uchanganye na biti ya ujumbe katika geti la tatu.

Kwa mpokeaji, jenga rejista ya pili iliyo sawa na hiyo, uilinganishe na ishara inayoingia kwa geti la XOR, na uhesabu vipande vinavyokubaliana katika kila mzunguko. Biti ya ujumbe ikiwa sifuri, misimbo iliyooana hutoa 127, na isiyooana hutoa 63 tu. Ikitoka 63, zuia pigo moja la saa ya mpokeaji ili msimbo wake urudi nyuma kipande kimoja, kisha uhesabu upya. Kwa saa ya kilohezi 10, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 12.7, na nafasi za kujaribu ni 127, hivyo utafutaji wote hauzidi sekunde 2. Hesabu ikiyumba bila mpangilio, safisha kwanza miguu ya saketi, kwa kuwa hewa ya chumvi ya Mombasa huila upesi.

Mtumaji wa pili achukue hatua ya 3 na ya 7 badala ya 6 na 7, ili apate msimbo tofauti. Unganisha ishara zote mbili kupitia rezista za kiloomu 10. Sasa volti zina ngazi tatu, kwa hiyo geti la XOR la mpokeaji halifai tena, na badala yake weka kikuza ishara kinachogeuzwa chanya au hasi, kwa kufuata msimbo wa mpokeaji, na swichi ya kielektroniki ya 4053, kikifuatwa na kapasita ya kujumlisha.

Kisha punguza rezista moja hadi kiloomu 1. Mtumaji dhaifu atamezwa, kama vile mwenzako asivyosikika kwenye kivuko cha Likoni manamba anapopiga kelele sikioni mwako. Kwa sababu hiyo mtandao wa simu za mkononi wa IS-95, uliotumia misimbo ya namna hii, ulirekebisha nguvu ya kila simu mara 800 kwa sekunde.

Fanya yote haya kwa waya, bila antena, kwani kurusha mawimbi hewani kunahitaji kibali.