Siku 21 za likizo, safari kadhaa: mpango wa mwajiriwa wa Mombasa

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakupa angalau siku 21 za kazi za likizo ya malipo kamili kila baada ya miezi 12. Wengi huzimaliza Desemba kwa mkupuo, kisha mwaka mzima hulalamika kwamba kazi haiwapi nafasi. Mkielewana na mwajiri, siku hizo zinagawanyika: kwa kawaida sehemu moja iwe wiki mbili mfululizo, zinazobaki ni za safari fupi. Kwanza ulizia kama Jumamosi inahesabika. Ukifanya kazi nusu siku Jumamosi, wiki mbili huenda zikala siku 12 badala ya 10, na hapo ndipo hesabu za watu huharibika.

Siku zilizobaki zibandike kwenye sikukuu. Mashujaa, 20 Oktoba 2026, ni Jumanne: asiyefanya kazi Jumamosi akiomba Jumatatu peke yake anapata siku 4. Pasaka ina siku 4 tayari. Ongeza Jumanne hadi Ijumaa, unakuwa na 10. Idd usiifungie tiketi isiyorudishwa pesa, kwa kuwa siku yenyewe hungoja mwezi uandame.

Pasaka watu wa Nairobi hushuka pwani na bei za vyumba Diani na Watamu hupanda. Sisi wa Mombasa tuna bahati ya kwenda kinyume nao: Alhamisi jioni treni zinazoshuka hujaa, zinazopanda huwa na nafasi zaidi. Kwa hiyo sikukuu kubwa nenda bara, pwani iachie wikendi za kawaida. Nauli ya daraja la kawaida hadi Nairobi ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024.

Ijumaa ndiyo siku inayopotea zaidi. Anayerudi nyumbani kufunga begi hutoka mjini usiku, na Jumamosi asubuhi huamka amechoka. Begi lifungwe Alhamisi, liende nawe kazini. Ukipanda treni ya usiku, ondoka mjini mapema: barabara ya Changamwe jioni haina huruma, na stesheni ya Miritini kuna foleni ya ukaguzi ambapo mizigo hupangwa chini ili mbwa wainuse. Chukua kitambulisho kilekile ulichokatia tiketi. Treni hiyo hufika Nairobi kabla ya kupambazuka, basi subiri stesheni kuche.

Ukienda kusini bila gari, vuka kwa feri ya Likoni ukiwa kwa miguu, ni bure, kisha panda matatu ya Ukunda upande wa pili. Mwenye gari apite barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri. Foleni ya feri Ijumaa jioni inaweza kumla saa nzima.

Angalia pia upepo na maji. Miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka, na safari ya mashua kutoka Shimoni kwenda hifadhi ya baharini ya Kisite huwa ya kutapika au huahirishwa. Iweke wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi: kwa kutembea mwambani ni raha, anayetaka kuogelea Diani atakuta maji yako mbali.

Mfanyakazi wa hoteli hana wikendi. Yeye abadilishane zamu na mwenzake, off ya wiki hii iwe siku ya mwisho na ya wiki ijayo iwe ya kwanza. Siku mbili zinatosha kwenda Voi na kurudi. Makubaliano hayo yapitie kwa msimamizi kwa maandishi, kwani mwenzako akiugua, utakayeitwa ni wewe.

Tiketi isilipwe kabla fomu ya likizo haijasainiwa. Siku ya mwisho kazini, muachie atakayeshika nafasi yako karatasi moja: kazi zilizo wazi, tarehe zake, na nani apigiwe. Bila karatasi hiyo simu itakufuata hadi Lamu. Kurudi kuwe Jumapili mchana, maana basi likiharibika njiani jioni, Jumatatu utakatwa siku nyingine ya likizo.