Kabla hujaiamini apu ya ramani, iulize njia unayoijua

Mimi ni dereva, nabeba mizigo midogo midogo na Noah yangu hapa Kampala, wakati mwingine natoka nayo mpaka Masaka ama nyumbani Arua, na haipiti wiki bila mtu kuniuliza ati apu gani ya ramani ndio poa. Nawajibu sijui. Apu inayonifaa mimi Ntinda inaweza kukutupa wewe mtaroni kule Yumbe, na simu yangu si simu yako. Namna ya kuijaribu ndio naijua, na hapo wengi wetu tunaenda kinyume kabisa, mtu anadaunilodi apu leo usiku, kesho alfajiri anaiwasha mara ya kwanza akienda mahali hajawahi kukanyaga. Sasa ikikudanganya utajuaje?

Kwa hiyo anza na njia ya kwako, ile unajua mpaka mashimo yake. Mimi mtihani wangu ni Kisaasi mpaka Kibuye. Kaa tu kwanza, gari limezimwa, andika unakoenda uone imekuchorea wapi. Imekupitisha njia ambayo wewe mwenyewe ungepita saa hiyo? Ama imekuchomeka katikati ya mji karibu na Old Taxi Park saa kumi na mbili jioni kwa sababu kilomita ni chache? Apu nyingine ikiona kinjia cha maramu kimefupisha mita 300 inakipenda kama asali, haijui kwamba mvua ikinyesha pale hata boda wanashuka wanasukuma. Ikikuchorea njia ya ajabu usiikatae haraka, angalia mara mbili, mimi kuna kinjia cha Bukoto nilionyeshwa na simu na nimeishi huku miaka tisa.

Alafu ijaribu barabara ya Entebbe. Ile Expressway inalipiwa tangu Januari 2022, na boda haziruhusiwi kuingia. Weka gari, angalia kama inakuambia mapema kwamba kuna malipo, kisha ingia kwenye setingi uiambie iepuke barabara za kulipia, inatakiwa ikurudishe barabara ya zamani ya Zana na Kajjansi. Sasa badilisha uweke pikipiki kama inayo hiyo alama. Ikiipeleka boda kwenye Expressway, basi hiyo alama ya pikipiki ni pambo, chini yake bado inafikiri ni gari.

Kutafuta majina nako kuna vituko. Andika Gaba, alafu andika Ggaba. Andika Rubaga, alafu Lubaga. Mahali ni palepale, watu wanaandika tofauti tu. Andika Busia uone imekupa Busia ya Uganda ama ya Kenya, maana zote mbili ziko na zinatazamana mpakani. Alafu ijaribu na majina ya mtaani, yaani vile sisi tunaelekezana kweli. Shoprite waliondoka Uganda 2021 lakini mpaka leo mtu anakuambia tukutane kwa Shoprite pale Clock Tower, na pampu ya mafuta imebadilishwa rangi zamani ila steji ya boda bado inaitwa kwa lile jina la zamani. Apu isiyojua majina ya zamani itakutesa, kwa sababu hapa kwetu watu wachache sana watakupa namba ya nyumba na jina la barabara.

Sasa ondoka. Simu iwe kwenye stendi yake, usiishike mkononi, sheria hairuhusu na hata isingekuwepo, ukitazama chini sekunde 2 kwa mwendo wa 50 umeshapita mita karibu 28, na Kampala mita 28 ni boda nne na mtoto anavuka. Ndio maana mimi naipima apu kwa masikio kuliko macho. Sikiliza inaongea lini. Ukiwa na mwendo wa 50 unakula mita kama 14 kila sekunde, kwa hiyo ikikuambia kata kulia zikiwa zimebaki mita 30, imekuachia sekunde 2 za kuangalia kioo, kuweka indiketa na kuomba Mungu. Nzuri inakuambia mapema, inarudia ukikaribia, alafu inanyamaza. Ile ya kupayuka kila mita 100 nayo utaizima sauti siku ya pili na hapo haina kazi tena.

Na hayo majina inavyoyasoma! Sauti ya Kiingereza ukiipa Kyaliwajjala inatoa kitu kama jina la dawa. Sisi tunajua "Ky" inatamkwa karibu na "ch", yenyewe inasoma herufi moja moja, unasikia "kata kushoto kwenda kai-a-li-" ukijiuliza ni wapi hapo umeshapita. Ukiweka Kiswahili kama kipo mara nyingi majina yanatoka afadhali kidogo, irabu zinakaa mahali pake. Mimi naiweka Kiswahili hata abiria wakicheka. Jambo lingine, ukianza safari baadhi zinakuambia "elekea kaskazini mashariki". Nani anajua kaskazini iko wapi akiwa kwenye msongamano wa Kikuubo? Ile inayosema elekea upande wa barabara fulani ndio imekufikiria wewe.

Raundabauti usiziruke. Nenda Kibuye, pale kuna ya Entebbe, ya Masaka, ya Makindye na ya kurudi mjini, usikilize kama hesabu yake ya milango ya kutokea ndio hesabu yako. Alafu pita kwenye flaiova ya Clock Tower. GPS inajua uko wapi kwenye ardhi, lakini kujua uko juu ya daraja ama chini yake ni kazi ngumu kwake, kwa hiyo ukiwa juu unaweza kuona kile kimshale kimeshuka kiko chini kinakuambia ukate kona ambayo wewe unaiona kwa juu kama ndege. Angalia itachukua muda gani kujisahihisha.

Kosea makusudi pia. Ikisema kata kulia, wewe nenda mbele. Hesabu sekunde mpaka ipate njia mpya, na uangalie imekupa njia gani, maana apu ya uvivu inakulazimisha ugeuze U katikati ya barabara kuu ya Jinja kana kwamba uko peke yako duniani. Mimi ikinidai ugeuze U mara tatu mfululizo nishajua tabia yake.

Data sasa, hapa watu wanachanganya sana. GPS yenyewe haili bando. Simu inapokea tu mawimbi kutoka setilaiti zilizo juu kama kilomita 20,200, ikizisikia nne inapiga hesabu iko wapi, basi. Kinachokula bando ni picha ya ramani, kutafuta majina, na habari za jamu. Kwa hiyo zima data kabisa ukiwa nyumbani, washa apu, toka nje penye anga wazi. Bila intaneti ya kuisaidia simu inaweza kuchukua dakika nzima ama zaidi kujitambua, hiyo ni kawaida, usiihukumu. Ukishapata alama yako, jaribu kutafuta mahali na kuomba njia. Google Maps inakubali udaunilodi kipande cha ramani kabla ya safari na itakuongoza bila mtandao, ila jamu hutaiona. Organic Maps na OsmAnd zinatumia OpenStreetMap, ile ramani iliyoanzishwa Uingereza 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, unadaunilodi Uganda mara moja unatembea nayo. Waze inategemea watu wengine barabarani waripoti na inataka mtandao, mjini sawa, lakini ukipita kwenye msitu ambapo mtandao unakuja na kuondoka utajua tofauti. Na usidhani kijijini ndio ramani mbovu siku zote, kambi za wakimbizi kama Bidi Bidi kuna watu wa kujitolea walizichora kwenye OpenStreetMap vizuri tu, wakati kuna mitaa hapa Wakiso ramani inaonyesha pori na pana maghorofa.

Muda wa kufika upime kwa karatasi. Andika saa inayosema ukiondoka, andika tena ukiwa katikati, alafu saa uliyofika kweli. Fanya Jumatatu saa moja asubuhi, fanya Jumamosi mchana, fanya Jumapili barabara tupu. Kama inakosea dakika 15 kila mara kwa upande uleule hiyo siyo mbaya, utajiongezea mwenyewe. Mbaya ni ile leo imezidisha, kesho imepunguza. Lakini tuwe na haki, polisi wa trafiki akikuzuia Kibuye dakika 20 apu gani ingejua?

Kufungwa kwa barabara ni ngumu kuijaribu kwa sababu huwezi kusubiri daraja livunjike. Mei 2023 maji yalipokata barabara ya Masaka pale Katonga, magari yalizungushwa Mpigi, Kanoni, Sembabule, ndio ufike Masaka, na Septemba 2024 daraja la Karuma lilifungwa kutengenezwa na sisi wa West Nile, upande wa Arua, tukaumia. Siku kama hizo ndio apu inaonyesha ni mtu ama ni kiatu. Lakini una nafasi moja kila mwaka bila msiba wowote, Juni 3, siku ya Mashahidi, polisi wanafunga barabara za kwenda Namugongo. Iombe njia ya Kyaliwajjala, jirani na Namugongo, asubuhi hiyo ukiwa umekaa sebuleni na chai. Ikikupitisha katikati ya mahujaji, umeshapata jibu.

Sasa hapa ndio penyewe, mita 200 za mwisho. Apu nyingi zitakutoa Kampala zikufikishe Mbarara bila shida, alafu zikuaibishe getini. Mwaka jana nilikua napeleka kitanda Kyanja, mama mmoja alinitumia pini, yaani ile alama ya mahali kwenye ramani, nikaifuata vizuri, apu ikatangaza umefika. Nimefikia nini? Ukuta. Simu ikalia.

"Ssebo, uko wapi? Nimesubiri."

"Nyabo nimefika, niko hapa kwenye ukuta mweupe."

"Huo ni ukuta wangu wa nyuma! Hata nakuona kutoka dirisha la juu. Njoo getini."

Geti lilikua upande wa pili, na katikati kuna mtaro mkubwa wa maji machafu, nikazunguka kama kilomita 4 kurudi mahali ambapo ningeweza kurusha jiwe likafika. Shida ni kwamba apu ikipewa pini inatafuta barabara iliyo karibu zaidi na hiyo pini kwa mstari, haijui geti liko upande gani wala haioni mtaro. Kwa hiyo jaribu na nyumba yako mwenyewe, jitumie pini ukiwa umekaa chumbani, alafu jitumie nyingine umesimama getini, ufuate zote mbili. Ukiona zinakufikisha sehemu mbili tofauti, utajua cha kuwaambia wateja: simama getini ndio utume. Na kabla hujaondoka vuta ramani karibu, uone ule mstari wa mwisho unaishia upande gani wa kiwanja.

Wale wa kutuma namba za koodineti, zile namba mbili za kuonyesha mahali kwenye ramani, ujanja wenu mzuri ila sisi tuko kwenye ikweta jamani, na namba ya kwanza kusini ya ikweta inaanza na minasi. Mji wa Masaka uko kwenye minasi 0.34, Kampala iko kama 0.32 bila minasi. Mtu akikopi namba za Masaka akasahau kile kimstari mbele, apu haitalalamika hata kidogo, itakupeleka kilomita kama 75 kaskazini, huko katikati ya Mityana na Mubende, na itakuongoza kwa sauti tamu kabisa. Ukivuka ule mstari wa ikweta Kayabwe, kumbuka minasi. Ijaribu apu yako, ibandikie namba zenye minasi uone kama inaielewa, nishaona moja inaitupa.

Betri na joto nazitaja tu haraka, simu ikikaa kwenye dashibodi juani kwa masaa mawili skrini imewaka inaweza kuchemka na kujizima, chaja ya gari ya bei ya chini inaweza isimudu, yaani unachomeka na asilimia bado inashuka. Andika asilimia ukianza na ukimaliza.

Mtihani wa mwisho unachukua wiki kadhaa. Tafuta kosa moja la kweli karibu na kwako, kinjia hakipo ama duka limehama, uripoti ndani ya apu, alafu uangalie lini litarekebishwa. Zile za OpenStreetMap unaweza kuingia mwenyewe ukarekebisha. Kile kinjia cha nyuma ya kanisa kwetu Kisaasi nilikichora mimi, siku chache baadae kikaonekana kwenye ramani, na sasa kila jioni kina foleni ya boda na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, anatafuta aliyewaonyesha.