Usiyekula ngano, ukipanda meli ya Ziwa Nyasa

Ndugu yangu usiyekula ngano, ukipanda meli kutoka Kyela kwenda Mbamba Bay, jipange mapema. Wali wa Kyela, ndizi za Tukuyu, maharage, viazi, samaki: vyote hivyo kwa asili havina gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano. Hatari iko kwenye karai. Mafuta yaliyokaanga maandazi au samaki aliyepakwa unga wa ngano yanabaki na gluteni, na moto hauiondoi. Chipsi zikipita humo, ziache. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama chakula kina ngano. Uliza hivi: "Shikamoo mama, mafuta haya leo yamekaanga nini?"

Uji wa lishe ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Unga wake mara nyingi huchanganywa na ngano, na hata ulezi mtupu huenda umesagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano.

Chemsha ndizi, viazi na mayai nyumbani, ongeza karanga, weka kwenye hotipoti yako. Ukiwa na mtoto mwenye siliaki, yaani ugonjwa ambao gluteni huudhuru utumbo, waambie majirani zako melini mapema, maana abiria mwema atamkatia andazi kwa upendo tu.