Filamu ya Dakika Tano kwa Wikendi Moja: Mwongozo kwa Klabu ya Filamu ya Mtaani

Watazamaji wa mtaani husamehe picha yenye giza. Sauti hawasamehi. Mhusika akisikika kama anaongea ndani ya pipa, watu watageukiana kuulizana amesema nini, kisha wataanza mazungumzo yao, na hapo filamu imekwisha hata kama imebaki nusu. Mwongozo huu ni kwa klabu ya watu sita hadi kumi, wenye simu mbili au tatu na wikendi moja. Mifano ni ya Dar es Salaam, lakini Mombasa au Tanga mambo hayatofautiani sana.

Skripti iwe kurasa tano, lokesheni mbili ambazo mnaweza kutembea kati yake kwa dakika chache, waigizaji wasiozidi watatu. Isomeni kwa sauti huku mtu ameshika saa. Mazungumzo matupu yakifika dakika tano, filamu itazidi saba, kwa sababu watu hutembea, hukaa kimya, hufungua milango. Punguzeni mapema. Kila lokesheni ya ziada hula saa nzima ya kufungasha, kuhama na kupanga upya, na saa hiyo mtaitafuta jua likishaanza kuzama.

Gaweni kazi kabla ya siku ya kushuti: mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti, mtu wa muendelezo, na wa kushughulikia ratiba, maji na chakula. Klabu nyingi humpa sauti yule aliyekosa kazi nyingine. Huko ni kuiua filamu mapema. Mpeni mtu makini, mwenye headphone zinazofunika masikio, na awe na haki ya kusimamisha teki, yaani jaribio moja la kurekodi sini, hata mwongozaji akiwa ameridhika. Mtu wa muendelezo apige picha ya kila mwigizaji sini inapoisha: kanga imefungwa upande gani, soda imebaki kiasi gani kwenye chupa, saa ipo mkono upi. Bila picha hizo, soda itajaa yenyewe katikati ya mazungumzo.

Kuhusu vibali, Tanzania Bara mahali pa kuuliza ni Bodi ya Filamu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Zanzibar ni BASSFU (Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni), Kenya ni KFCB (bodi ya kuainisha filamu). Ulizeni mapema, kuhusu kushuti na kuhusu kuonyesha hadharani, kwani filamu ya kuonyeshwa kwa umma hukaguliwa na kupangiwa daraja la umri. Mtaani mwenyewe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa aambiwe siku kadhaa kabla, kwa heshima, mkimweleza ni nyumba ipi na mtamaliza saa ngapi. Kaeni mbali na vituo vya polisi, kambi za jeshi na bandari.

Ijumaa usiku hesabuni nafasi kwenye simu. Video ya 1080p hula takribani MB 130 kwa dakika kwa simu nyingi. Mkishuti dakika nane kwa kila dakika moja ya filamu, hizo ni dakika 40, yaani zaidi kidogo ya GB 5. Achieni GB 16, msibahatishe. Chajini simu na pawabenki zote. Asubuhi simu ya kamera iwekwe kwenye hali ya ndege, maana simu ikiita katikati ya teki nzuri, teki hiyo imekwenda.

Kisha kuna mpangilio mmoja ambao wengi hawaujui. Umeme wetu ni wa hezi 50, na simu nyingi huja zikiwa kwenye fremu 30 kwa sekunde, yaani picha tuli 30 zinazounda kila sekunde ya video. Chini ya taa za tyubu na baadhi ya LED, picha hupepesa au hutembeza mistari myeusi kutoka juu kwenda chini. Kwenye programu ya kamera inayokubali kurekebishwa kwa mkono, wekeni fremu 25 na shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde. Mistari hupotea. Kwenye uhariri haiondoki kirahisi, kwa hiyo jaribuni ndani ya chumba chenyewe, taa ikiwa imewashwa.

Jumamosi, sini za nje zifanyike kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mchana jua liko utosini na macho ya mwigizaji hugeuka mashimo meusi. Mkilazimika, msogezeni kwenye kivuli cha mwembe na mshikilie shuka jeupe upande mmoja wa uso ili lirudishe mwanga. Msitumie kanga ya rangi, kwa sababu kanga nyekundu itampaka wekundu shavuni. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, simu hupima mwanga wa ukuta na uso unakuwa giza. Gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka mwanga ufungike, au afadhali zaidi tafuta ukuta wa rangi iliyokolea.

Sasa sauti. Maiki ya kubana kwenye nguo ikae shibiri moja chini ya kidevu. Angalieni pini yake: ya simu ina mistari mitatu, ya kamera ina miwili. Mkichomeka yenye miwili kwenye simu, mara nyingi simu itarekodi kwa maiki yake yenyewe bila kuwaambia, na mtagundua Jumapili. Kipimo ni rahisi: kwaruza maiki kwa kucha huku unarekodi, kisha sikiliza. Mkwaruzo ukisikika kwa mbali, maiki haifanyi kazi. Baibui na vitambaa vya nailoni husugua maiki na kutoa sauti kama karatasi. Kata plasta ya dukani, ikunje duara gundi ikiwa nje, ibandike kati ya maiki na nguo ili kitambaa kisitembee juu yake. Kwa upepo wa nje, funika maiki kwa kipande cha sifongo laini.

Kama hamna maiki, simu ya pili inatosha. Iwekeni imefichwa karibu na mwigizaji, nyuma ya birika au mfukoni mwa shati, irekodi sauti peke yake, kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) kama programu inaruhusu. Sauti kubwa kabisa ifike karibu na −12 dB kwenye kipimo cha programu ya kurekodi. Ikigonga sifuri inapasuka na hakuna dawa. Mwanzo wa kila teki mtu ataje namba ya sini na teki, apige kofi moja mbele ya kamera. Kwenye uhariri mtaoanisha mlio wa kofi na fremu ambayo viganja vinagusana.

Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu huvuma. Egemezeni godoro nyuma ya kamera, tandikeni blanketi chini pale ambapo kamera haioni, na mvumo utapungua sana. Zimeni feni. Friji ichomolewe, na funguo za pikipiki ya mwenye ratiba ziwekwe ndani yake, ili asiweze kuondoka bila kuirudisha kwenye umeme. Nyama ya watu isioze kwa ajili ya filamu. Kwa jirani mwenye redio, aende mmoja tu: “Shikamoo mama, tunarekodi hapa, tunaomba utupunguzie redio kwa dakika kumi.” Na mkimaliza mrudi kumwambia. Kuhusu adhana, fuateni ratiba ya msikiti wa karibu: ya adhuhuri huwa baada ya saa sita mchana, ya alasiri kati ya saa tisa na nusu na saa kumi. Hapo ndipo pa chakula na pa kupumzika. Paa la bati mvua ikinyesha, hamna la kufanya. Shutini sini zisizo na maneno.

Kabla ya kuondoka kila lokesheni, wote wanyamaze kwa sekunde 30 na ukimya wa mahali hapo urekodiwe. Mhariri atautumia kuziba mapengo kati ya sentensi. Bila huo, sauti hukatika kama nyuzi kila picha inapobadilika.

Kwa picha, anzeni na shoti pana ya sini nzima, kisha zile za karibu. Acheni sekunde tano kabla ya neno la kwanza na tano baada ya la mwisho. Watu wawili wakizungumza, kamera ibaki upande mmoja wa mstari unaowaunganisha siku nzima. Ikivuka, wataonekana wote wanatazama upande mmoja.

Jumapili, nakilini kila kitu sehemu mbili kabla ya kufuta chochote. Video za simu mara nyingi hazina fremu zenye kasi moja, ndiyo maana midomo na sauti huanza pamoja na kuachana kufikia dakika ya tatu. Zipitisheni kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kompyuta ya kubadilisha video, mchague kasi isiyobadilika ya fremu 25. Katika toleo la kwanza msiweke muziki. Muziki huficha makosa ya mazungumzo mpaka siku ya onyesho. Wimbo wa msanii msiuguse bila ruhusa. Mwanachama mwenye gitaa au zeze atawapa dakika moja inayotosha.

Onyesho lifanyike baada ya saa moja usiku, giza likishaingia. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji kama mita tatu kutoa picha ya upana wa mita mbili kwenye shuka. Faili liwe MP4 ya H.264 (njia ya kubana video), na kama flashi imefomatiwa kwa FAT32, faili lisizidi GB 4, la sivyo litakataa kuingia. Isikilizeni filamu yote kwenye spika zitakazotumika, mkiwa mmekaa mstari wa nyuma.

Taa zikiwashwa, mwongozaji akae kimya dakika kumi za kwanza. Watazamaji waulizwe walichoelewa, si walichopenda, na mtu wa muendelezo aandike majibu. Halafu mgawane kazi za mwezi ujao papo hapo: aliyeongoza safari hii avae headphone.