Kupanga njia ya ndege kutoka Mwanza kabla ya kuruka

Anza na saa, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mpango wa safari huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ndege inayoondoka Mwanza saa 2 asubuhi yetu huandikwa HTMW0500 (HTMW ni alama ya uwanja wa Mwanza). Ukiandika 0800, mwongoza ndege ataitarajia saa 5 asubuhi, ilhali wewe saa 2 tayari unaomba kuwasha injini. Wasilisha mpango angalau dakika 60 kabla. Ukichelewa zaidi ya dakika 30, tuma taarifa ya kuchelewa.

Kisha ngazi, yaani kimo cha kuruka kwa maelfu ya futi. Kwenda Dar es Salaam unaelekea mashariki, chagua namba witiri, kama FL250 (ngazi ya futi 25,000). Kwenda Bukoba, upande wa magharibi, namba shufwa.

Hesabu muda kwa kasi juu ya ardhi. Bukoba ni kama maili 95 za baharini: kwa noti 240 (maili za baharini kwa saa) ni dakika 24, lakini upepo wa noti 40 ukikukabili zinakuwa 28 na nusu. Dakika hizo nne na nusu zinatosha kukukutanisha na ndege nyingine.

Ziwani, ngurumo hukomaa usiku hadi alfajiri. Beba mafuta ya kuzunguka wingu.