Kufuatilia mafua ya msimu kwa data ya utafutaji mtandaoni

Mtu akianza kukohoa huuliza mtandaoni kabla ya kufika kliniki, na hesabu za kliniki nazo hukawia kuchapishwa. Data ya utafutaji inaweza kuziba pengo hilo, mradi usiitegemee peke yake.

Fungua Google Trends, tovuti ya Google inayoonyesha neno limetafutwa kwa kiasi gani, chagua nchi moja na miaka 5 iliyopita. Kwa kipindi hicho utapata namba moja kwa kila wiki. Ukichukua kirefu zaidi utapewa za mwezi, na mwezi ni mrefu mno kwa mlipuko. Tafuta dalili na tiba, kama "dawa ya kikohozi", kuliko jina la ugonjwa, kwani jina hutafutwa hata na wazima waliosikia habari. Andika kama watu wanavyoandika, makosa ya tahajia yakiwemo.

Namba huenda kutoka 0 hadi 100, na 100 ni kilele cha kipindi ulichochagua, si idadi ya watu. Kwa hiyo usilinganishe 60 ya faili moja na 60 ya faili lingine. Tena hutokana na sampuli: pakua data ileile kwa siku kadhaa tofauti, kisha tumia wastani. Palipoandikwa "<1" weka 0.5, la sivyo programu ya majedwali itaisoma kama maandishi. Sufuri zikijaa, watafutaji ni wachache, panua eneo.

Sasa weka kando yake takwimu rasmi za wagonjwa za wiki zilezile. Angalia siku ya kuanzia: wiki za Google Trends huanza Jumapili, ilhali ripoti nyingi za afya huanza Jumatatu. Sogeza safu ya utafutaji wiki 0, 1, 2, kisha 3, uone ni wapi zinaoana vizuri zaidi. Acha msimu mmoja mzima nje ya hesabu, uutumie kupima.

Kipimo hicho usikiruke. Google Flu Trends, huduma ya Google ya kukadiria mafua kwa data ya utafutaji iliyoanza 2008, ilichuja maneno milioni 50 kutafuta yanayoendana na mafua. Baadhi yaliyojitokeza yalihusu mpira wa kikapu wa shule za sekondari za Marekani, ambao huchezwa majira ya baridi tu. Kufuata msimu si kufuata ugonjwa! Mwaka 2009 ilikadiria chini wimbi la kwanza la H1N1 (mafua ya nguruwe), msimu wa 2012–2013 ikakadiria juu mno, na 2015 ikafungwa. Hata takwimu rasmi za wiki 3 nyuma zilibashiri vizuri kuliko yenyewe. Basi makadirio yako yashindanishe na hizo kwanza, yakishindwa, usiyatumie.

Grafu ikiruka ghafla kwa wiki moja na kuporomoka, shuku habari; ugonjwa kwa kawaida hupanda kwa wiki kadhaa. Na kila takwimu mpya za kliniki zikitoka, kokotoa upya, maana tabia za kutafuta hubadilika.