Jinsi ya kukagua bango la vidakuzi kwenye tovuti yako

Chukua kampuni ya utalii ya Moshi inayopandisha wageni Kilimanjaro. Bei zake ni za euro, kurasa kadhaa ziko kwa Kijerumani, na ndani ya tovuti kuna Google Analytics ya kupima wageni na pikseli ya Facebook, msimbo unaoipelekea Facebook taarifa zao. Bango la vidakuzi lipo, yaani ujumbe wa kumwomba mgeni ruhusa ya kuweka vidakuzi (vipande vidogo vya taarifa) kwenye kivinjari chake, na maneno yamejaa: ridhaa, maslahi halali, washirika wengine. Kazi ya kutengeneza tovuti imenifundisha kutoyaamini maneno hayo mpaka nione kivinjari kinafanya nini.

Hatua ya 1: Jua sheria inayokuhusu

GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, haimkamati kila ambaye tovuti yake inafunguka Berlin. Inamhusu anayewalenga watu walioko Ulaya, na bei za euro pamoja na lugha ya Kijerumani ni kati ya dalili zinazoangaliwa. Kampuni yetu imo. Nyumbani Tanzania nako kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Wakenya wana ya kwao ya 2019.

Wengi huchanganya jambo moja hapa. Sharti la kuomba ruhusa kabla ya kuweka kidakuzi limetoka kwenye agizo la Ulaya la faragha ya mawasiliano la 2002, lililorekebishwa 2009. GDPR ndiyo inayoeleza ruhusa hiyo iweje.

Hatua ya 2: Fungua tovuti, usiguse bango

Tumia kompyuta na dirisha fiche (Incognito) la Chrome. Bonyeza F12, nenda kwenye kichupo cha Application, kisha Cookies upande wa kushoto. Kwenye Firefox kichupo hicho kinaitwa Storage. Utaona jedwali: jina la kidakuzi, thamani yake, kikoa (anwani ya tovuti kinakohesabiwa), na tarehe ya kuisha.

Tuseme kuna PHPSESSID, na kwenye tarehe ya kuisha pameandikwa Session. Hicho ni kidakuzi cha kipindi, kinaondoka ukifunga kivinjari. Chini yake kuna _ga, ambacho Google imekipangia miaka 2. Usishangae Chrome ikikuonyesha muda mfupi zaidi, kwa sababu tangu 2022 haikubali kidakuzi kizidi siku 400. Kisha _fbp, cha Facebook, miezi mitatu hivi.

Kama _ga na _fbp vimeshaingia na wewe hujabofya chochote, hilo bango ni pambo. Hitilafu hii ndiyo ninayoikuta mara nyingi kuliko zote: programu-jalizi (plugin) ya bango imewekwa, lakini msimbo wa kupima wageni uliachwa ujiendee wenyewe.

Angalia na Local Storage palepale, ghala jingine la kivinjari. Sheria haijali jina la ghala, inajali kwamba umehifadhi au umesoma kitu kwenye kifaa cha mtu.

Hatua ya 3: Vipange kwa kazi

Makundi ya kawaida ni vya lazima, vya mapendeleo, vya takwimu na vya matangazo. Ujanja mwingi hufanyika kwenye kundi la kwanza. Kinachoitwa cha lazima ni kile ambacho mgeni asingepata huduma aliyoiomba bila hicho: kuingia kwenye akaunti, fomu ya kuhifadhi nafasi, kidakuzi kinachokumbuka jibu lake kwenye bango. Takwimu zinamfaa mwenye tovuti. Mgeni angepanda mlima bila hizo.

Safu ya kikoa inaweza kukupotosha. Kidakuzi cha washirika wengine hubeba kikoa cha mwingine, tuseme youtube.com. Lakini _ga na _fbp hukaa chini ya kikoa chako mwenyewe, kwa hiyo kwenye jedwali vinaonekana vya kwako, ilhali taarifa zinakwenda Google na Facebook. Andika kwenye sera ya faragha zinakokwenda, usiishie kwenye kikoa.

Hatua ya 4: Pima ridhaa

Ridhaa iwe ya hiari, ya jambo mahususi, ya mtu aliyeelezwa, na ionekane kwa kitendo. Kwenye kesi ya Planet49, 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kisanduku kilichokwishawekwa alama si ridhaa. "Ukiendelea kutumia tovuti umekubali" nayo si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kuwa kukubali kulikuwa mbofyo mmoja na kukataa kulihitaji kadhaa. Basi weka "Kataa vyote" kando ya "Kubali vyote", ukubwa uleule.

Ukikuta swichi za "maslahi halali", yaani dai la kuwa na sababu ya kutumia taarifa bila kuomba ridhaa, zimewashwa kwa vidakuzi vya matangazo, zitoe. Hazishiki nafasi ya ridhaa.

Hatua ya 5: Nani ni nani

Mhusika wa taarifa ni mgeni. Mkusanyaji ni kampuni inayoamua taarifa zichukuliwe kwa sababu gani, na mchakataji ni anayezishughulikia kwa niaba yake, mfano mwenye seva. Kwa pikseli usidhani Facebook ni mchakataji tu: kwenye kesi ya Fashion ID ya 2019, kuhusu kitufe cha Like, mahakama ilimhesabu mwenye tovuti kuwa mkusanyaji pamoja nao katika kuchukua na kupeleka taarifa.

Hatua ya 6: Kataa, kisha rudia

Fungua dirisha fiche jipya, bofya "Kataa vyote", pakia ukurasa upya. Rudi kwenye jedwali, halafu fungua kichupo cha Network na uandike collect kwenye kichujio. Ombi la kwenda google-analytics.com likitokea, kagua mipangilio: huenda ni hali ya ridhaa ya Google (Consent Mode) inayotuma ishara bila kidakuzi, au bango halizuii kitu.

Mwisho kubali vyote, kisha tafuta pa kuiondoa hiyo ridhaa. Kuondoa kunatakiwa kuwe rahisi kama kutoa, kwa hiyo kiungo cha "Mipangilio ya vidakuzi" kiwe chini ya kila ukurasa. Ukishaiondoa, _ga iwe imefutwa. Programu-jalizi nyingi huiacha pale, na itabidi uandike mstari wa msimbo wa kuifuta.